Mpe kazi, usimpe mtihani: kumshirikisha mzazi mwenye demenshia

Mama yangu alifanya kazi miaka mingi Nytil, kiwanda cha nguo cha hapa Jinja, Uganda, upande wa ukaguzi. Kitambaa kilipita chini ya vidole vyake jora baada ya jora, na pale penye kasoro anasimamisha na kutia alama. Leo ana miaka 78, tunaishi naye Walukuba, na akimaliza chai ya asubuhi anaweza kuniuliza mbona leo hatujamwekea chai. Mwezi uliopita nilimwekea mapajani kipande cha kitenge nilichotoka nacho sokoni. Akakipapasa kutoka pindo hadi pindo, taratibu, macho yakiwa barabarani, mara kidole cha shahada kikasimama. "Hapa uzi umekatika," akasema. Nikainama kutazama. Kweli, uzi mmoja wa mshindio ulikuwa umekatika, mahali ambapo mimi ningepita na macho yangu mazima.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepoteza karibu mwaka mzima nikimfanyisha mtihani. Mama, mimi ni nani? Leo siku gani? Jana tulikula nini? Nilidhani namnoa akili. Alikuwa akinitazama kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, ananyamaza, na baadaye akaacha hata kutoka chumbani. Haya ninayoyaandika ni yale niliyojifunza baada ya kuacha kumwuliza na kuanza kumpa kazi. Yafuate kwa mpangilio huu kama unaanza leo.

Hatua ya kwanza: hospitali kabla ya yote

Demenshia si uzee wa kawaida, si uchawi, na si mizimu inayodai haki yake. Ni ubongo unaoumwa. Aina iliyo ya kawaida zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, inafuatiwa na ile inayoletwa na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, na hapo ndipo presha, kisukari na kiharusi vinapoingia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nayo, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zenye kipato kama chetu. Kwa hiyo hili halijakupata wewe peke yako.

Si kila anayesahau ana demenshia, lakini. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri, huzuni nzito ya kufiwa, hata dawa zilizochanganywa ovyo, vyote vinaweza kumfanya mzee aonekane amepotewa na akili, na vinatibika. Hospitali za rufaa za mikoa, kama ya hapa Jinja, zina kitengo cha afya ya akili, na Butabika pale Kampala ndiyo ya rufaa ya taifa. Najua jina Butabika linatisha watu. Usikubali hofu ya maneno ya jirani imnyime mzazi wako vipimo.

Mkiwa huko, omba wamtazame masikio na macho. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet, mwaka 2024, lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demenshia ambayo mtu anaweza kuyapunguza, na miongoni mwake ni kutosikia vizuri, kutoona vizuri bila matibabu, na kukaa bila watu. Hata kwa aliyekwisha kuugua, sikio lililozibwa na nta na jicho lenye mtoto wa jicho vinamfungia nje ya mazungumzo. Utasema hakumbuki, kumbe hakusikia.

Jambo moja la haraka: mzee akibadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, akaanza kuona vitu visivyokuwepo au kulala mchana kutwa, usiseme ugonjwa umezidi. Mpeleke siku hiyohiyo. Mara nyingi ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au ukosefu wa maji mwilini.

Hatua ya pili: fungua daftari la maisha yake

Nunua daftari la kawaida la mistari. Andika aliitwaje utotoni, alisoma wapi, alifanya kazi gani na mikono yake ilikuwa ikifanya nini hasa, alipenda kula nini, aliimba wapi, rafiki zake walikuwa nani. Waulize wajomba, shangazi, wenzake wa kazini walio hai. Fanya hivyo sasa, kwa sababu wao pia wanazeeka.

Kumbukumbu za karibuni ndizo zinazotangulia kuondoka. Za zamani hukaa, na ujuzi wa mikono hukaa zaidi. Mama hajui kwamba nimehama chumba, lakini anakumbuka kengele ya zamu na rangi ya aproni. Daftari linakuonyesha ni wapi bado kuna mwanga.

Andika pia lugha zake kwa mpangilio alioziingia. Mama ni Mpadhola wa Tororo. Kiswahili alikikuta hapa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi ambako Mluo, Msamia, Mwacholi na Msoga walipangana ukuta kwa ukuta na hawakuwa na lugha nyingine ya kuombana chumvi. Luganda alijifunzia sokoni, Kiingereza kazini. Kiingereza kimekwisha kabisa. Luganda kinayumba. Kiswahili bado tunacho mchana, ila jua likianza kushuka anarudi kwenye Dhopadhola, lugha ambayo sisi watoto tulizembea kuijifunza, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Nilichofanya ni kumwomba mama mmoja jirani, naye wa Tororo, awe anapita kila Alhamisi jioni. Hawaongei mambo makubwa. Wanaongea mtama na watu waliokwisha kufa. Mama siku hiyo analala vizuri.

Kuna ukurasa mmoja wa mwisho katika daftari: mambo ya kutogusa. Kwetu ni miaka ya Amin, iliyotuchukulia mjomba. Kila familia hapa Uganda ina ukurasa huo, na kila anayekuja kukusaidia kumkalisha mzee lazima ausome.

Hatua ya tatu: siku iwe na mstari mmoja

Mambo yaleyale, saa zilezile. Kuoga, chai, kazi ya mikono, kupumzika, chakula, kibarazani, redio, kulala. Kazi yenye kutaka akili iwe asubuhi, dakika 20 hadi 30, basi. Jioni wengi wao huchafuka roho, wanataka "kwenda nyumbani" hata wakiwa nyumbani. Washa taa mapema kabla giza halijaingia, punguza kelele, mpe kitu chepesi cha kushika. Na maji. Hatakwambia ana kiu, mpe tu.

Hatua ya nne: kazi ya mikono

Hapa ndipo ninapokusihi utulie zaidi, kwa sababu ndipo tulipompata Mama tena.

Chagua kazi tatu ambazo mikono yake inazijua. Si michezo ya watoto. Nimeona nyumba ambapo mzee wa heshima kapewa midoli na rangi za chaki, na uso wake unakwambia wazi anavyojisikia. Mpe kazi ya mtu mzima yenye faida kwa nyumba: kuchambua maharage, kumenya karanga, kupepeta mchele, kukunja lesu zilizoanuliwa, kuchambua dodo (mchicha) jani na bua, kusuka ukili, kufuta meza. Mkulima mpe miche kwenye makopo. Fundi baiskeli mpe nati na bolti za saizi tatu azitenganishe.

Namna ya kuianza ni muhimu kuliko kazi yenyewe. Usiseme "Mama, njoo ufanye hivi." Kaa karibu naye, upande wa jicho zuri, anza mwenyewe kuifanya, halafu mwombe msaada. Kwetu inakwenda hivi:

"Mama, hizi karanga zimenishinda."

"Zimekushindaje? Lete hapa."

"Na wageni wanakuja."

"Nyie watoto wa siku hizi," anasema, na mikono imeshaanza.

Hatua moja kwa wakati mmoja. Ukimwambia "chukua sinia, weka maharage, toa mawe, osha," umempa mambo manne na yote yamemponyoka. Weka sinia. Subiri. Mwaga maharage. Okota jiwe moja, mwonyeshe. Atakufuata.

Kazi ikiharibika, iache iharibike. Siku moja Mama alichanganya tena maharage na mawe yote niliyokuwa nimeyaweka kando, akaniletea sinia kwa furaha. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Usiku alipolala nikayachambua upya. Kile ulichokitafuta si maharage masafi. Ulitaka nusu saa ambayo mama yako amekuwa mtu anayehitajiwa nyumbani kwake. Ila usiyachambue mbele yake, akiona unarudia alichofanya ataelewa, na ataumia.

Kisu kinahitaji akili. Wengi wanajua kumenya matoke hata wakiwa hawajui tarehe, na kumnyang'anya kisu ghafla ni kumvunjia heshima. Kaa naye, tumia kisu kifupi, na siku utakapoona mkono unatetemeka hamia kwenye kufunga majani. Moto wa sigiri ni jambo jingine: huo usimwachie peke yake hata dakika moja.

Kwa wazee wa kiume, toeni bao la omweso. Lina mashimo 32 na kete 64. Jirani yetu mmoja aliyekuwa bingwa hawezi tena kufuata mchezo, na kila walipomchezesha akawa anashindwa na kukasirika. Sasa wajukuu wanamwachia kazi ya kupanga: kete mbili katika kila shimo, na zikigawanywa hivyo zinaisha barabara, hakuna inayobaki. Akimaliza anapitisha kiganja juu ya bao kama mtu anayelainisha shuka, kisha anawaambia vijana, "Chezeni sasa."

Hatua ya tano: ongea naye bila kumkagua

Anza kwa kujitaja. "Mama, ni mimi mwanao, nimerudi kutoka kazini." Hapo humlazimishi kubahatisha jina lako. Wajukuu wafundishe hivyohivyo: "Jajja, mimi mtoto wa binti yako mkubwa, nimekuletea ndizi." Hakuna mtoto atakayepungukiwa kwa kusema jina lake mara kumi.

Maswali yawe ya kuchagua kati ya viwili vinavyoonekana: "Gomesi hii ya bluu au hii ya kijani?" (Gomesi ni lile gauni refu la heshima la wanawake wa hapa.) Halafu nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi. Kimya hicho ni kirefu kwako, kwake ndio muda wa neno kupanda kutoka chini. Mimi nilikuwa nikijibu kwa niaba yake hadi dada yangu aliponigutusha: "Mbona humwachi amalize?"

Akirudia swali lilelile mara ishirini, sikiliza lililo ndani. Mama anauliza, "Baba yenu yuko wapi?" Baba alifariki zamani. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, akalia msiba kama wa jana. Saa moja baadaye akauliza tena. Je, nimfishe baba kila saa? Sasa namwambia, "Unamkumbuka leo, Mama. Alikuwa anapenda nini hasa?" Basi anaanza: alipenda samaki wa kukaanga, alipenda kupiga pasi shati lake mwenyewe. Sijamdanganya, na hajalia.

Usishindane naye kuhusu tarehe, bei, wala nani aliiba kanga yake. Saidia kuitafuta.

Hatua ya sita: wimbo, dua na redio

Nyimbo zinakaa mahali ambapo maneno ya kawaida yamekwisha kuondoka. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi anaweza kumaliza ubeti. Tumia za ujana wake, za kati ya miaka 15 na 30: rumba ya Kongo, kadongo kamu, taarabu kwa waliokulia pwani, na za dini yake. Muislamu msomee Fatiha uone midomo itakavyojiunga. Mkristo anzisha wimbo wa ibada ya jioni kisha nyamaza katikati ya mstari, umwachie yeye.

Redio iwe na saa yake. Redio inayonguruma kutwa huku watu wakiongea ni vurugu kichwani mwake. Ukitaka kuongea, zima.

Hatua ya saba: mrudishe kwa watu

Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wataalamu walijaribu vikundi vya wazee wenye demenshia wanaokutana kuongea, kuimba, kutaja vitu na kucheza pamoja. Mpango wenyewe ulianzia Uingereza, vikao 14, mara mbili kwa wiki kwa wiki saba, ukafanyiwa marekebisho ulingane na maisha ya kwetu, kwa wazee ambao wengi hawakusoma. Uwezo wao wa akili na hali yao ya maisha vilipata nafuu. Hauponyi, lakini ni jambo ambalo watu wanne na mkeka wanaweza kuliiga. Waite wazee wawili watatu kibarazani, chagua mada moja ya kushikika: sabuni za zamani, vyombo vya jikoni, mavuno, harusi. Leta kitu chenyewe wakishike na kukinusa. Usilete picha tu kwenye simu.

Kabla ya hapo lazima uwaambie majirani. Hili ndilo lililonigharimu aibu zaidi, na ndilo lililotusaidia zaidi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba: "Mama anaumwa ubongo. Hajarogwa, haambukizi. Ukimwona barabarani peke yake, msalimie, mshike mkono, mlete." Nikapita na kituo cha bodaboda nikawaachia namba yangu. Namba hiyohiyo nimeishona ndani ya pindo la gomesi zake zote. Amepotea mara mbili, na mara zote mbili ni kijana wa boda aliyemrudisha, akitembea naye polepole huku anaisukuma pikipiki.

Sokoni tunakwenda Jumanne asubuhi, kabla ya msongamano. Ana pochi yake na sarafu zake. Kichwani mwake shilingi bado ni ile ya kabla ya 1987, wakati sufuri mbili zilipokatwa na pesa mpya ikaja, na bei zake za moyoni ni za zamani zaidi ya hapo. Kwa hiyo anachagua fungu la nyanya, analibonyeza, analikataa, anachagua jingine, kisha anatoa sarafu ya 50 kwa madaha. Mwuza nyanya, ambaye nilizungumza naye mapema, anaipokea kwa kupiga goti na kusema, "Webale nnyabo," yaani asante mama. Inayobaki namlipa baadaye nikirudi peke yangu. Kama hujapanga na mwuzaji, usimpeleke; mtu mmoja akimcheka, umeharibu mwezi.

Kanisani au msikitini kaeni pembeni karibu na mlango, na mtoke kabla hajachoka. Misibani vilevile. Watu walinishauri nisimpeleke mazishini, eti hataelewa. Anaelewa kilio. Anaelewa kumshika mfiwa mkono. Tunakaa saa moja, tunaaga. Na mzee akiwa ametimiza miaka 80 na anapata ile ruzuku ya wazee ya shilingi 25,000 kwa mwezi, mpeleke mwenyewe siku ya malipo kama miguu inaruhusu. Foleni ile ni baraza la wenzake. Wageni nyumbani wasizidi wawili kwa wakati mmoja.

Hatua ya nane: akikataa

Kukataa mara moja si kukataa milele. Acha, rudi baada ya robo saa na sura nyingine. Akikataa kila kitu siku nzima, tafuta maumivu: jino, goti, kibofu kilichojaa, choo kigumu. Hatasema "naumwa," atasukuma sinia. Na zipo siku anataka tu kukaa na kutazama barabara. Kukaa naye hapo pia ni kumshirikisha.

Na wewe je? Kazi hii haimalizwi na mtu mmoja. Tulikaa ndugu wanne, tukagawana. Wawili wako Kampala na walikuwa wanatuma pesa kwa simu, wakadhani wamemaliza. Niliwaambia waziwazi: pesa nashukuru, ila nataka Jumapili zenu. Sasa kila mmoja anakuja Jumapili moja kwa mwezi, anasoma daftari, anamenya naye karanga, na mimi nalala mchana. Omba kitu mahususi, siku na saa. "Nisaidieni" haina wa kuijibu.

Baadaye, maneno yakiisha

Siku itafika kazi zote hizi zitakuwa nyingi mno kwake. Hapo shuka kwenye hisi tano: mafuta mikononi, ukimsugua kidole kimoja kimoja, jua la saa mbili asubuhi miguuni, harufu ya kahawa inayokaangwa, wimbo masikioni, wa sauti yako mwenyewe na si wa simu.

Mimi nimeanza kuandaa. Nina mfuko wa vipande vya vitambaa: kitenge, hariri, marekani, gunia lililofumwa wazi, kipande cha gomesi yake ya harusi ya dada. Katika kila kimoja nimekata uzi mmoja kwa sindano, mahali tofauti. Jana alipewa ile marekani. Alipapasa muda mrefu, nikadhani amesinzia. Kisha akaushika mkono wangu, akauweka juu ya kitambaa, akaukandamiza kwa kidole chake pale palipokatika.